Pumu na ugonjwa sugu wa mapafu katika kifua kimoja

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 57, mkazi wa Mwanza. Pumu ninayo tangu utotoni, lakini zamani ilinibana kwa vipindi, kisha nikapona kabisa. Kwa zaidi ya miaka 20 nimebanika samaki kwa moshi wa kuni. Sigara sijapata kuvuta. Sasa ni mwaka wa tatu pumzi hainitoshi hata siku ambazo sijabanwa, na kila asubuhi nakohoa makohozi. Hospitali walinipulizisha kwenye mashine, wakasema nina pumu pamoja na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Nilipewa dawa mbili za kuvuta. Ya kahawia niliiacha kwa kuwa sioni kazi yake; ya bluu ndiyo inayonifungua kifua, na kopo moja huisha kila mwezi. Je, nimekosea?

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa miaka hiyo mitatu. Magonjwa haya mawili hukaa katika kifua kimoja mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Katika pumu, mirija ya hewa huvimba na kubana, kisha hufunguka kwa dawa au yenyewe. Katika ugonjwa sugu, mirija imeharibika kwa muda mrefu na haifunguki tena ikawa kama zamani, ndiyo maana hupati tena zile siku za nafuu kamili. Mashine uliyopuliza hupima jambo hilo hasa: mtu hupuliza, huvutishwa dawa ya kufungua kifua, kisha hupuliza tena baada ya dakika chache ili ionekane ni kiasi gani cha mbano kimebaki. Sigara ni chanzo kikubwa cha ugonjwa huu, lakini moshi wa kuni unaovutwa kila siku kwa miaka mingi huleta madhara hayohayo, na kifua chenye pumu tayari kiko hatarini zaidi.

Kuhusu dawa, ndiyo mama, umekosea, ingawa kosa hilo naliona karibu kwa kila mgonjwa, wala silishangai, kwa sababu anayebanwa huiamini dawa inayomfungua papo hapo. Ya bluu, salbutamoli, hulegeza misuli ya mirija kwa saa chache tu, huku uvimbe ukiendelea chini yake bila kuguswa. Ya kahawia, ambayo kwa kawaida ni beklometasoni, hutuliza uvimbe wenyewe, lakini hutaihisi siku ile ile; yenyewe inahitaji siku kadhaa hadi wiki, ikivutwa kila siku hata unapojisikia mzima. Kopo la bluu huwa na mipulizo 200, kwa hiyo kulimaliza kwa mwezi ni kuvuta mara sita au saba kwa siku, kiwango kinachoashiria hatari ya shambulio kubwa.

Rudi kliniki wiki hii na makopo yote mawili. Uliza kama unaweza kupewa dawa moja yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe kama ile ya kahawia, pamoja na kifungua kifua cha muda mrefu, kama vile budesonidi na formoteroli. Kifungua kifua cha muda mrefu usikubali kukitumia peke yake bila steroidi, hata ukiambiwa kwamba wenye ugonjwa sugu hukitumia hivyo, kwa kuwa kwa mwenye pumu ni hatari. Kila ukivuta steroidi, sukutua mdomo na uteme maji, usije ukapata utando mweupe mdomoni. Kama dawa inaishia kooni, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni, tundu likilibana kopo vizuri, inasaidia: puliza dawa humo, kisha uivute kwa mdomo wa chupa. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kwa watoto wenye pumu chupa hiyo ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani cha kuvutia dawa.

Najua samaki ndio walioendesha nyumba, na sikuambii uache kesho asubuhi. Hata hivyo, kazi ya kukaa motoni mwachie mwingine kwanza, nawe ushike kuuza; naye akae upande unakotoka upepo, jiko likiwa nje, kwa maana mapafu yake pia yanahesabika.

Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, usingoje dawa ya bluu ifanye kazi. Nenda hospitali huku ukiendelea kuivuta. Ukifika, wewe au mwanao waambieni kwamba una magonjwa yote mawili, ili oksijeni utakayopewa ipimwe kwa uangalifu, kwa kawaida kiwango cha oksijeni katika damu kikilengwa asilimia 88 hadi 92, kwa sababu ikizidi sana yaweza kumdhuru mwenye ugonjwa huu.