Kahawa yenye alama ya Fairtrade: hela ya ziada inamfikia mzee wangu Kibosho?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Naishi Hamburg, juzi nimekuta supamaketi pakti ya kahawa ya Kilimanjaro gramu 250 yenye ile alama ya Fairtrade (biashara ya haki kwa wakulima) ya bluu na kijani, bei imechangamka kuliko za jirani yake. Mzee wangu ana kihamba (shamba la nyumbani) Kibosho, huko Kilimanjaro, kahawa yake anapeleka chama cha msingi miaka yote, nikampigia kumuuliza kama anaipata hiyo hela akacheka tu, anasema anachojua yeye ni malipo ya awali na makato. Je tunapigwa?

JIBU: Hupigwi kaka, ila kinachorudi kwa wakulima ni kidogo kuliko unavyodhani. Toka Agosti 2023 Fairtrade bei ya chini (mnunuzi haruhusiwi kushuka hapo) ya arabika iliyooshwa, aina ya kahawa ya huko Kilimanjaro, ni dola 1.80 kwa paundi (kama nusu kilo hivi), juu yake nyongeza ya senti 20, na vyote analipwa ushirika, sio mzee mkononi. Hiyo bei ni ya kahawa safi iliyofika bandarini, kwahiyo toa kukoboa, toa lori, toa gharama za chama, hapo ndo makato yanapozaliwa.

Zile senti 20 wanachama wanazipangia kwenye mkutano mkuu, angalau senti 5 ziende kwenye ubora na uzalishaji. Kule Bukoba KCU, ushirika wa wakulima wa Kagera, walizitumia kununua hisa za Tanica, kiwanda cha kahawa, mi naona walicheza vizuri sana.

Sasa piga hesabu ya pakti yako, gramu 250 za kahawa iliyokaangwa zinatoka kwenye kama gramu 300 za mbichi, nyongeza yake ni senti 13 hivi za dola! Kama umezidishiwa euro mbili, nyingine kawaulize wakaangaji na hilo duka.

Bei ya chini yenyewe kazi yake huioni soko likiwa juu, mwaka 2024 bei ya soko la dunia New York ilivuka dola 3 kwa paundi nani anaikumbuka 1.80? Ila 2001 arabika ilishuka chini ya senti 50 na Fairtrade walikuwa wanalipa 1.26, hapo ndo utajua maana yake. Na usichanganye na ile alama ya chura, Rainforest Alliance, wao hawana kabisa hiyo bei ya chini.

Halafu kuna hili wengi hawalijui, ushirika kuwa na cheti haimaanishi kahawa yake yote inauzwa kwa alama, lazima apatikane mnunuzi anayeitaka hivyo, asipopatikana inaenda mnada wa Moshi kama nyingine na nyongeza hakuna. Inawezekana kabisa magunia ya mzee yamepita huko. Mwambie mkutano mkuu ujao asimame aulize: msimu huu tumeuza kilo ngapi kwa Fairtrade, nyongeza imeingia shilingi ngapi, na imefanya nini. Ni haki yake kama mwanachama, wasimpige chenga. Na wewe geuza pakti usome nyuma, jina la ushirika kama halipo waandikie waliofunga uwaulize wamenunua kwa nani.