Kabla hujapuliza dawa, ng'oa mche mmoja

Msimu wangu wa pili wa bustani nilikuwa na miche 22 ya nyanya. Asubuhi inapendeza. Jua likikolea majani yanalegea yote, jioni yanajiinua tena. Nikazidisha maji. Wapi. Nikazidisha samadi. Kisha nikaona vidudu vichache vyeupe chini ya majani, nikajiambia mchawi nimempata, nikapuliza dawa wiki tatu mfululizo.

Nyanya zikabaki vilevile, ila sasa vidukari, wadudu wadogo wafyonza utomvu, wakajaa kila ncha. Dawa ilikuwa imeua pia vile vidudu vya mviringo, vyekundu vyenye madoa meusi, ambavyo chakula chao ni vidukari. Na samadi niliyorundika ilikuwa imechipusha majani laini, yaani mlo wanaoupenda zaidi. Wadudu niliowapiga vita, kwa sehemu kubwa niliwaalika mwenyewe.

Siku niliyong'oa mche mmoja kwa hasira ndipo nikapata jibu. Mizizi ilikuwa imevimba mafundo mafundo, kama shanga zilizotungwa vibaya. Hao ni minyoo fundo: jicho halimwoni, anaishi ndani ya mzizi, na dawa ya kupuliza majani haimfikii.

Tangu hapo, mmea ukinisumbua nang'oa ule ulio hoi kuliko yote na kuosha mizizi yake kwenye ndoo. Tahadhari kwa maharage: yana vinundu vyake vya kawaida, vyenye faida, vinavyonasa nitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea. Hivyo vimekaa ubavuni mwa mzizi, ukisugua kwa kidole vinabanduka, na kinachofanya kazi ukikipasua ndani ni chekundu. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, halibanduki. Nayasema haya kwa sababu nilishang'oa tuta zima la maharage yasiyo na ugonjwa wowote.

Kama mizizi ni safi lakini mmea umenyauka na jioni haujiinui, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishikilie ndani ya glasi ya maji safi. Ukiona baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye kidonda, huo ni mnyauko bakteria. Mmea huo usiutupe kwenye mboji, na mahali hapo usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo.

Kwa minyoo fundo sina njia ya mkato. Nilitoa mizizi yote, nikalowesha udongo, nikafunika kwa nailoni angavu na kufukia kingo zake, nikaacha wiki 6 za jua kali. Msimu uliofuata nilichagua mbegu ambayo pakiti yake ina herufi N, alama ya nyanya inayowastahimili. Hawakuisha, ila nilivuna.

Halafu udongo wenyewe. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena, ndipo upime yanashuka kiasi gani kwa saa. Sentimita 2.5 hadi 5 ni nzuri. Langu lilishuka sentimita 1. Mfinyanzi mtupu! Nikamwaga mchanga nikidhani ninaulegeza, nikapata kitu cha kujengea nyumba. Kilichosaidia ni mboji iliyooza sawasawa, unene wa sentimita 5 juu ya tuta, kila msimu, na kuacha kukanyaga pale ninapopanda. Kwenye kichanga dawa ni hiyohiyo, maana mboji hushika maji yasikimbie.

Vumbi la mbao nalo usilichimbie ndani. Vijidudu vinavyoliozesha hunyang'anya mimea nitrojeni, majani ya chini yakawa njano, nawe ukadhani ni ugonjwa. Litandaze juu tu.

Vidukari waliobaki niliwamaliza kwa sabuni ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja. Jaribu kwanza jani moja, ngoja siku nzima. Puliza jioni, chini ya majani, kwa sababu humuua tu yule iliyemgusa. Na sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, wazuie hao kwanza: wanawalinda vidukari ili walambe utamu wao.

Miche ikikutwa asubuhi imelala, imekatwa usawa wa ardhi, usipulize chochote. Pekua udongo kwa kidole pembeni ya kisiki, hata sentimita 3 haifiki, utamkuta sota, kiwavi mkata miche, amejikunja, mnene, rangi ya udongo. Mche wa kuziba pengo mvalishe shingoni pete ya karatasi ngumu iliyozama kidogo ardhini. Mimi huzivua shina likifika unene wa penseli.