Kesi ya mtoto iko mahakamani: lalamiko langu limeishia wapi?

SWALI: Naishi England. Nililalamika kwa halmashauri kuhusu ofisa ustawi wa jamii wa mwanangu. Kabla sijajibiwa, wakafungua kesi ya kuomba amri ya malezi, yaani amri ya mahakama ya kumweka mtoto chini ya uangalizi wa halmashauri. Lalamiko limesimamishwa, na Ombudsmani wa serikali za mitaa, mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya halmashauri, anasema hana mamlaka. Ni halali? – Mama Wawili

JIBU: Pole, dada. Ombudsmani hajakukwepa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1974 inamkataza kuchunguza kufunguliwa kwa kesi na mwenendo wake. Humo mnaingia uamuzi wa kwenda mahakamani, ripoti ya ofisa kwa jaji, hata ushahidi alioutoa kwa mdomo. Ripoti ikiwa na uongo, upinge hukohuko: mpe wakili wako orodha yenye ukurasa, aya na kielelezo cha kila kosa. Kesi ya amri ya malezi mzazi hulipiwa wakili na serikali bila kuulizwa kipato, kwa hiyo usiende peke yako.

Halmashauri ni habari nyingine. Kanuni za 2006 za malalamiko kuhusu huduma za watoto zinairuhusu kusimamisha lalamiko pale tu ambapo kulishughulikia kutaathiri kesi, na lazima ikuandikie sababu. Hapa ndipo wengi hupunjwa: barua ya mistari miwili, "kuna kesi", na faili zima linafungwa. Likate lalamiko lako vipande. "Ofisa ameandika kwamba nampiga mtoto, si kweli": hilo ni la jaji. "Barua zangu tatu hazikujibiwa": hilo halimngojei jaji yeyote. Andika ukiomba vipande vya aina hiyo viendelee hatua ya kwanza ya utaratibu wa malalamiko wa halmashauri, yenye siku 10 za kazi, au 20 jambo likiwa gumu. Wakikataa, dai sababu kwa kila kipande.

Kilichosimamishwa unaweza kukirudisha ndani ya mwaka 1 tangu kesi imalizike. Sheria inataka kesi hizi ziishe ndani ya wiki 26, ila nyingi huvuka. Itunze barua ya kusimamishwa, maana Ombudsmani huhesabu miezi 12 tangu ulipolijua jambo, na barua hiyo ndiyo itakayoeleza ulichelewa kwa nini. Lakini aliyoyaamua jaji hatayagusa, hata kesi ikiisha.

Na usiambatanishe karatasi za mahakama kwenye lalamiko kabla ya kumuuliza wakili. Kesi za watoto ni siri, na kuzisambaza kunaweza kuwa kosa la kudharau mahakama.