Viatu vya kupandia Longonot wakati wa joto
Ndugu, kwa kuwa umeeleza kwamba nyayo zako ni pana, zina kinundu kando ya kidole gumba na hutoka jasho jingi, na kwamba unakusudia kupanda Longonot, mlima wa volkeno nchini Kenya, mwezi wa Februari, nakusihi uepuke viatu vyenye utando wa kuzuia maji, kwani hufungia joto ndani. Chagua vya kitambaa chenye matundu madogo, maana vumbi la volkeno la mlima ule ni laini mno na hupenya kwenye matundu makubwa. Vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi nyembamba za sufu, kisha uteremke ngazi: vidole vikigonga ncha, chukua saizi kubwa zaidi. Mshono usipite juu ya kinundu hata kidogo. Soksi za pamba ziache nyumbani, kwa sababu zikilowa jasho huchelewa kukauka na kuleta malengelenge.