Re: Naweza kubuku meza ileile wiki nzima?
Mkuu, kubuku meza moja wiki nzima inategemea mwongozo wa idara yenu, ila ofisi nyingi za serikali zenye huu mtindo wa kuchangia meza (huna meza yako, unabuku ya siku) hazipendi, maana meza zenyewe ni chache kuliko watumishi, wanapiga hesabu kwamba kila siku wengine wako likizo, fildi au wanafanyia kazi nyumbani. Cheki sana muda wa kuthibitisha kwamba umefika, usipothibitisha mfumo wa kubuku unaweza kuiachia meza kwa mwingine, mimi nilichelewa nikakuta jamaa keshachomeka laptopu na koti kalitundika kwenye kiti, nikaishia pembeni ya printa siku nzima, kelele tupu. Jioni usiache mafaili mezani, fungia kabatini. Kama mgongo unasumbua omba meza ya kudumu kwa maandishi, wala usione aibu.