Re: Kwa nini Sunday News haikuitwa "Sunday Standard"?

Mkuu, umeuliza kama Sunday News, gazeti letu la Jumapili hapa Tanzania, ilizaliwa pamoja na Daily News la kila siku. Hapana, ya Jumapili ndiyo kubwa kiumri. Ilianza 1954, enzi za mkoloni, ikiwa ndugu wa Tanganyika Standard, gazeti la kila siku lililoanza 1930.

Mageuzi yalikuja 5 Februari 1970, Mwalimu Nyerere alipoyataifisha, siku ya kumbukumbu ya Azimio la Arusha. Mhariri wa kwanza baada ya hapo alikuwa Frene Ginwala, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge Afrika Kusini. Mwaka 1972 Standard ikaunganishwa na The Nationalist, gazeti la TANU, likazaliwa Daily News chini ya Benjamin Mkapa. Kwa hiyo la kila siku ndilo lililobadili jina, likachukua hilo "News" ambalo la Jumapili lilikuwa nalo tangu mwanzo. Watu wengi hapa mjini wanaligeuza hili, na huwa linaniuma.

Marehemu baba alikuwa akinituma Kariakoo kila Jumapili asubuhi kulinunua. Alilisoma barazani, kisha analikunja mara nne na kuliweka chini ya godoro. Mpaka leo ninayo machache, karatasi imekuwa rangi ya chai, ukiigusa kingo zinamomonyoka.

Kama unataka kujionea mwenyewe, nenda Maktaba Kuu hapa Dar es Salaam, pale barabara ya Bibi Titi, uulizie magazeti ya zamani. Anza na ya 1972.