Kuhusu shifti yako ya kesho

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nimetoka kibarazani maana mtandao huku Tanga leo unasumbua. Unaniuliza uende shifti kesho usiku au uombe ruhusa ubaki na mtoto, na wametabiri theluji inchi mbili tu. Unga upo ndani? Nyumba isikose unga, nakwambia toka siku unaolewa.

Ile theluji ya Januari 2000 hapo hapo Raleigh, Marekani, huikumbuki, ulikuwa na miaka mitatu. Jumatatu tarehe 24 naondoka kwenda nyumba ya wazee kazini, na mchana kutwa wanasema dhoruba itapita mbali baharini, kompyuta zao ndo zilivyoonyesha. Kumbe ikashikana na pwani ikapanda kaskazini, wanakuja kubadilisha utabiri watu wengine washalala. Alfajiri nasukuma mlango wa nyuma wa jiko pale kazini, umegoma. Theluji upepo umeirundika pale hadi kiunoni, kimya, magari unaona migongo tu. Uwanja wa ndege walipima inchi 20.3, zaidi ya nusu mita, Raleigh haijapata nyingi kama ile mpaka leo. Hata Washington ofisi za serikali zilifungwa.

Wa kunipokea hakufika, nikakaa na wale wazee siku mbili, ningewaachaje? Na nyumbani unga umeisha. Hilo ndo linaloniuma, sio theluji. Jumapili nilipita mbele ya duka kabisa nikasema ntanunua Jumanne nikitoka kazini.

Nikapiga simu. Baba yako, Mungu amrehemu, anaongea polepole, anasema huyu mtoto kasimama dirishani toka asubuhi, ananyoosha kidole nje, "Baba, unga ule pale, kachote". Na alitoka kweli na bakuli lile la bluu akakuchotea. Ukakoroga na kijiko weee mpaka ikawa maji, ndo ukalia. Nilikusikia, nimeshika simu pale ukutani kwenye korido huku mzee mmoja anapiga kengele aletewe maji.

Kuna siku najiambia nilikosea kwenda. Halafu nasema hapana, nimetoka nyumbani hata upepo hakuna, wenye mitambo yao hawakujua, mimi ningejuaje? Lakini unga ningenunua mwanangu. Duka lilikuwa wazi na hela ninayo mfukoni.

Kwa hiyo siwezi kukwambia nenda au usiende, kazi unaijua wewe na bosi wako, ila ukiuliza moyo wangu unasemaje… basi, naacha. Mumeo atakuwepo usiku? Hukusema. Nijibu kabla hujalala, na ukaangalie unga kwanza.

Mama